Andika sukari juu ya karatasi: namna ya kupima na kufuatilia umeme wa moyo wa kijana mwenye kisukari

Mchoro wa kwanza wa moyo wa mwanangu sasa ni karatasi tupu. Ulipimwa akiwa na miaka 9, miezi michache baada ya kuanza insulini. Niliukunja, nikautia kwenye mfuko wa plastiki, nikauweka kwenye faili lake, nikatulia. Miaka 6 baadaye nilipouhitaji kwelikweli nilikuta miraba ya waridi iko palepale na mistari ya moyo imefutika yote, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Karatasi ile huchorwa kwa joto, si kwa wino. Plastiki laini, jua, hata jeli ya kusafishia mikono, vyote huila polepole. Na mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu, maana kupima ECG, yaani mchoro huo wa umeme wa moyo, ndiyo kazi inayonilisha kwa miaka 14 sasa.

Basi agizo la kwanza nalitoa kabla sijaeleza chochote. Mchoro ukitoka tu, upige picha kwa simu au utolee kopi. Halafu chukua kalamu uandike juu yake saa na sukari ya damu ya dakika ile. Mashine itakuandikia jina, tarehe na kasi ya mapigo, ila sukari haiijui. Na mchoro wa kijana mwenye kisukari usio na sukari pembeni ni nusu ya habari.

Mimi si daktari. Nabandika elektrodi, yaani vibandiko vyenye nyaya vinavyonasa umeme wa moyo, natoa mchoro, daktari anausoma na kuamua. Haya ninayoyaandika ni ya kumsaidia mzazi mwenzangu, au kijana mwenyewe, afike mbele ya daktari akiwa na karatasi zinazosema kitu.

Umeme wenyewe unatoka wapi

Moyo hauna betri. Umeme wake ni chumvichumvi zinazoingia na kutoka kwenye seli: sodiamu, kalisiamu, potasiamu. Pigo likianza, sodiamu huingia kwa kishindo. Baada ya hapo seli lazima ijichaji upya kabla ya pigo linalofuata, na kujichaji huko kunategemea zaidi potasiamu kutoka nje ya seli. Kwenye karatasi, kilima kidogo cha P ni vyumba vya juu vikipokea amri, mlima mkali wa QRS ni vyumba vya chini vikipokea, na kilima cha mviringo cha T ni vyumba hivyo vya chini vikijichaji. Kutoka mwanzo wa Q hadi mwisho wa T ndipo tunapopaita QT. Ikirefuka, maana yake moyo unachelewa kujichaji, na pigo la ziada likiingia wakati huo linaweza kuvuruga mwendo mzima.

Herufi hizo tumezirithi kwa Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyewapima watu mikono na mguu vikiwa ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1924, mwaka mmoja baada ya Nobel ya insulini kutolewa. Watoto wanaoogopa kupigwa shoti huwa nawasimulia habari za ndoo hizo. Wakishacheka, mabega yanashuka, na mchoro unatoka bila mitetemo ya misuli. Na ni kweli: mashine haipeleki umeme wowote mwilini, inasikiliza tu.

Sasa kisukari kinagusa umeme huu kwa njia tatu, na ni vizuri kuzitenganisha kichwani.

Ya kwanza ni sukari kushuka. Mwili ukiona sukari imeanguka humwaga adrenalini. Adrenalini pamoja na insulini iliyozidi husukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Potasiamu ya damu inapungua, milango inayoitoa kwenye seli za moyo inafanya kazi kwa shida, QT inarefuka, T inalala, na wakati mwingine kinajitokeza kinundu kingine baada yake kinachoitwa U. Sukari ikirudi, mambo haya hurudi mahali pake.

Ya pili ni kinyume chake: insulini kukosekana hadi damu ikawa na asidi, yaani ketoasidosi. Hapo potasiamu hutoka kwenye seli na kujaa kwenye damu. T inasimama, inachongoka kama hema.

Ya tatu haiji kwa dakika wala kwa saa, inakuja kwa miaka. Sukari ikikaa juu muda mrefu huumiza mishipa ya fahamu inayoongoza moyo. Unaoanza kuumia mara nyingi ni vagasi, ule mrefu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, ambao kazi yake ni kuutuliza moyo. Ukidhoofika, moyo hubaki na kasi hata mtu amelala chali bila kazi, na mapigo yanakuwa ya kunyooka kama saa ya ukutani, bila kupanda na kushuka na pumzi.

Hii ya tatu ndiyo wazazi hawaisikii mapema. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uitwao DCCT, uliofanyika kati ya 1983 na 1993 kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wengine wakiwa na miaka 13 tu, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa karibu hupunguza uharibifu wa mishipa hii, na faida yake ikaendelea kuonekana miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kipimo cha moyo hakimtibu mtu. Kazi ya kumlinda bado ni ya sindano au pampu, na ile mizozo ya kila siku ya kupima kabla ya kula.

Lini uombe kipimo

Si kila mtoto mwenye kisukari analazimika kupimwa ECG kila mwaka, na kliniki nyingi hazifanyi hivyo. Usigombane na daktari kwa hilo. Ila mimi kwa maoni yangu mchoro mmoja wa kulinganishia, uliochukuliwa siku mtoto ni mzima na sukari imetulia, una thamani kubwa kuliko michoro mitano ya dharura. Mioyo haifanani. QT ya mwanangu akiwa mzima ni fupi kuliko ya binti wa jirani yangu akiwa mzima, na wote wawili hawana tatizo.

Omba bila kusubiri kama kijana amezimia, hasa akiwa anakimbia au anaogelea. Kama anasikia moyo unadunda kwa kasi bila sababu na sukari ni ya kawaida. Kama mapigo yake akiwa amepumzika yanazidi 100 siku baada ya siku. Kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Au kama anaanzishiwa dawa inayogusa QT, ambazo nitazitaja chini.

Kuhusu mapigo ya kasi, usikimbilie kulaumu mishipa ya fahamu. Homa, upungufu wa damu, upungufu wa maji, woga, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi vyote huongeza mapigo. Vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza hupata maradhi ya tezi hiyo zaidi ya wenzao, kwa hiyo kipimo cha damu cha tezi kije kabla ya hitimisho.

Siku ya kipimo

Asinywe kahawa wala vinywaji vya kuchangamsha asubuhi ile. Asije akikimbia ngazi. Alale chali dakika 5 hadi 10 kabla hatujabonyeza chochote. Kliniki yenye foleni haitakupa dakika hizo usipoziomba, basi ziombe. Sensa ya sukari (kifaa cha kubandika mwilini kinachosoma sukari muda wote) na pampu ya insulini havihitaji kuvuliwa. Kama sensa iko karibu na mahali pa elektrodi, elektrodi ndiyo inayosogea kidogo, na mpimaji aandike kwamba aliisogeza.

Angalia vitu viwili hata kama hujui kingine. Elektrodi za kifua: ya kwanza na ya pili huwa pande mbili za mfupa wa kifua, katika nafasi ya nne kati ya mbavu, si juu karibu na shingo. Nimeona zikipandishwa juu kwa haraka, na mchoro ukatoka na sura ya ugonjwa usiokuwepo. Na nyaya za mikono zisibadilishane. Mistari ya moyo kwenye karatasi ina majina pembeni yake: I, II, na ya elektrodi za kifua V1, V2 na kuendelea. Ukiona kwenye mstari wa I kila kitu kimegeuka chini juu, kuanzia P, uliza kwa upole kama nyaya za kushoto na kulia ziko sawa. Hakuna mpimaji mwenye akili atakayekasirika; mimi mwenyewe nimeshaokolewa na swali hilo.

Pima sukari kwa kidole dakika ile ile, hata kama ana sensa. Sensa husoma majimaji yaliyo chini ya ngozi na huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, na sukari inapokimbia, dakika hizo ni nyingi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), mpe sukari kwanza. Mchoro wa kulinganishia utachukuliwa siku nyingine.

Kisha andika: saa, sukari, mshale wa sensa kama unapanda au unashuka, sindano ya mwisho ya insulini ilikuwa lini, dawa nyingine anazotumia, na potasiamu kama imepimwa siku hiyo. Andika kwa kalamu ya kawaida, pembeni, si juu ya mistari.

Kuhesabu QT kwa mkono

Mashine hukupa namba ya QTc, yaani QT iliyosawazishwa kulingana na kasi ya mapigo, juu ya karatasi. Mara nyingi iko karibu na ukweli, na mara nyingine inashika kinundu cha U ikadhani ni mwisho wa T, ikakutia kiwewe bure. Kuhesabu mwenyewe kunachukua dakika mbili.

Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mdogo mmoja ni milisekunde 40. Chagua mstari wa II, au V5 kama II hauonekani vizuri. Weka rula kwenye mteremko wa T, pale unaposhuka kwa ukali zaidi, uvute mstari hadi ukutane na usawa wa chini. Hapo ndipo T inaishia. Hesabu miraba kutoka mwanzo wa Q. Halafu hesabu miraba kati ya kilele kimoja cha R na cha R kinachofuata. Fanya hivyo kwa mapigo matatu au manne uchukue wastani, maana pumzi huyachezesha.

Moyo ukienda kasi QT hufupika yenyewe, kwa hiyo lazima isawazishwe. Kanuni inayotumiwa sana ni ya Bazett ya mwaka 1920: gawanya QT kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya R na R, muda huo ukiwa kwa sekunde. Mwaka huohuo Fridericia wa Denmaki alitoa yake inayotumia kipeuo cha tatu. Tofauti yao si mchezo kwa vijana wetu ambao mapigo yao huwa juu. Chukua QT ya milisekunde 340 na mapigo 100 kwa dakika, yaani sekunde 0.6 kati ya R na R. Bazett atakupa 439. Fridericia atakupa 403. Moyo ni uleule. Bazett hukuza namba mapigo yakiwa ya kasi, basi ukilinganisha mchoro wa mwaka huu na wa mwaka jana, hakikisha kanuni ni moja, na uiandike.

Kwa kipimo cha Bazett, watoto na wavulana walio chini ya 440 hatuwasumbui. Wasichana waliobalehe wanaruhusiwa kufika 460. Katikati hapo tunarudia siku nyingine kwa utulivu. Ikipita 500, daktari anaambiwa siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa bado yupo.

Sasa nikuonyeshe kwa nini naing'ang'ania sukari. Siku moja nilimlaza mwanangu, wakati huo ana miaka 15, kumchukulia mchoro mpya wa kulinganishia baada ya ule kufutika. Elektrodi zote zilikuwa zimeshabandikwa. Sensa ikalia. Kidole kikatoa 2.6. Nilimwinua kichwa nikampa vidonge vya glukosi, gramu 15, na alipokuwa anatafuna ananitazama kwa jicho lake la "mama, usianze", nikabonyeza kitufe. QT ilikuwa miraba 10, yaani 400. Kati ya R na R miraba 18, yaani sekunde 0.72. Kwa Bazett ni 471. T ilikuwa imelala kama kilima kilichokanyagwa, na nyuma yake kinundu cha U. Baada ya dakika 25 sukari ilikuwa 6.1. Mchoro wa pili: QT miraba 9 na nusu, yaani 380, R hadi R miraba 20, sekunde 0.80. Bazett 425. T imesimama, U haipo.

Fikiria mchoro ule wa kwanza ungefika mezani kwa daktari peke yake, bila "2.6" pembeni. Kijana angepelekwa kutafutiwa ugonjwa wa kurithi wa QT ndefu, na familia nzima ingepangwa foleni ya vipimo. Na kinyume chake, ule wa pili peke yake ungesema hakuna neno, wakati neno lipo: huyu ni kijana ambaye sukari ikishuka moyo wake unaitikia, na ving'ora vya usiku vya sensa yake havitakiwi kuzimwa.

Vinavyotisha bure

T iliyogeuka chini kwenye V1 hadi V3 ni kawaida kwa watoto, na kwa baadhi ya vijana hubaki hivyo hadi wanapokomaa. Mapigo yanayoongezeka ukivuta pumzi na kupungua ukiitoa, ambayo mashine huandika kwa maneno ya kutisha kuhusu mwendo usio sawa, ni dalili ya vagasi yenye afya. Mzazi mmoja alinijia analia kwa sababu ya maneno hayo. Nilimwambia mtoto wa miaka 12 ambaye mapigo yake hayachezi kabisa ndiye angenipa wasiwasi.

Kipimo cha pumzi

Kwa sababu hiyohiyo, kuna kipimo rahisi ninachokipenda kuliko vyote. Kijana akiwa amelala au ameketi, avute pumzi kwa sekunde 5, aitoe kwa sekunde 5, mara 6 kwa dakika moja, mashine ikiwa inachora muda wote. Mtu mwingine amhesabie kwa sauti, asijihesabie. Tafuta pengo fupi zaidi la R na R wakati anavuta, na refu zaidi wakati anatoa. Gawanya 1500 kwa idadi ya miraba midogo upate mapigo kwa dakika. Miraba 17 ni mapigo 88. Miraba 24 ni kama 62. Tofauti ni 26, nzuri. Kwa kijana, tofauti inayozidi 15 inaridhisha. Ikiwa chini ya 10, mishipa inastahili kuchunguzwa zaidi. Usifanye kipimo hiki akiwa na homa, baada ya kahawa, wala siku ambayo sukari ilianguka vibaya usiku wake, maana jibu litakuwa la uongo.

Pamoja na hicho, shinikizo la damu lipimwe amelala, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mwambie daktari.

Saa za mkononi zinazochora ECG huonyesha mstari mmoja tu. Zinafaa kukamata moyo unapodunda kwa kasi saa nne usiku, hazifai kusomea T za elektrodi za kifuani. Kijana akisikia moyo unaenda mbio achore, na apige picha ya namba ya sensa dakika ileile. Hivyo viwili pamoja nimeona daktari akivifurahia kweli.

Akilazwa kwa ketoasidosi

Hapa si kazi yako kupima, ila elewa kinachofanyika kitandani. Potasiamu kwenye damu inaweza kuonekana juu wakati akiba ya mwili mzima imekwisha, kwa sababu imetoka kwenye seli na nyingine imepotea kwenye mkojo na matapishi. Insulini ikianza, potasiamu hurudi kwenye seli haraka, na ile ya damu huporomoka. Ndani ya saa chache T iliyochongoka inaweza kuwa T iliyolala. Ndiyo maana huunganishwa kwenye skrini ya moyo, damu ikapimwa tena na tena, na potasiamu ikaongezwa kwenye dripu. Potasiamu ikiwa tayari iko chini mno, insulini husubiri kwanza irekebishwe. Ukiona wamechelewesha insulini kwa sababu hiyo, usiwafokee. Kuna pia michoro ya ketoasidosi inayofanana na shambulio la moyo kwa kijana wa miaka 17, kisha ikanyooka potasiamu ilipotulia. Omba kopi ya kila mchoro, na matokeo ya potasiamu yaandikwe juu yake.

Dawa

Baadhi ya dawa hurefusha QT, na zikikutana na sukari iliyoshuka au potasiamu iliyopungua kwa kuhara na kutapika, mambo yanajumlika. Erithromisini, klarithromisini na azithromisini zimo. Siprofloksasini na nduguze wamo, na hao wanaweza pia kuvuruga sukari yenyewe. Flukonazoli ya fangasi, ondansetroni na domperidoni za kuzuia kutapika, haloperidoli, kwinini, klorokwini: zote zimo. Hii haina maana kwamba ni sumu au zikataliwe. Malaria na maambukizi huua. Maana yake ni kumwambia anayetoa dawa, kabla hajafunga bahasha: "Ana kisukari, anatumia insulini, hii hapa QTc yake." Mbili za aina hii kwa pamoja, huku mtoto anatapika, uliza kabla hajameza.

Usiku, na akianguka

Mwaka 1991 Tattersall na Gill waliandika kuhusu vifo 22 vya ghafla vya watu wenye kisukari cha aina ya kwanza nchini Uingereza, wenye umri wa miaka 12 hadi 43. Wengi walikuwa wamelala wazima, wakakutwa asubuhi kwenye kitanda ambacho hata shuka haijavurugika. Dhana inayopewa uzito ni sukari kushuka usingizini ikauvuruga umeme wa moyo. Ni tukio la nadra sana, na sikulitaja ili ukose usingizi. Nimelitaja kwa sababu ndilo linalonifanya nisibishane na king'ora cha saa tisa usiku. Siku ya mazoezi makali, au ya tumbo lililoharibika, kiwango cha king'ora cha mwanangu tunakipandisha kidogo, na dozi ya jioni tunaizungumza na kliniki yake.

Akianguka, pima sukari. Iko chini na anaweza kumeza, mpe glukosi. Hawezi kumeza, usimtilie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mpe glukagoni (dawa ya dharura ya kupandisha sukari) kama ipo, ita msaada. Hapumui kawaida na haitiki, anza kubonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mtu akalete mashine ya kushtua moyo; hapo suala la sukari linasubiri. Na kama sukari yake ilikuwa 6 au 7 alipoanguka, usikubali mtu akuambie "ni kisukari chake tu" na kukurudisha nyumbani bila ECG. Isubiri ipimwe. Ikitoka, ipige picha, uandike saa ya kuanguka, sukari ya dakika hiyo, na sukari ya sasa.